Ndoo ya Foleni

Limeng'okea kwenye hindi la kuchoma,
hapa Yombo Vituka, kwenye foleni ya bomba,
tukingoja maji yaliyoahidiwa tangu Jumanne.
Mwajabu akalitema kiganjani, dogo kama punje yenyewe,
akalitazama, akanitazama:
"Mama, kama lilikuwa la kung'oka, nilipewa la nini?"

Sikuwa na jibu. Nikaangalia chini.
Ndoo themanini, labda zaidi, hadi mlangoni kwa fundi cherehani:
moja ina kovu la moto, moja haina mkono,
na yetu ya bluu, herufi M kwa rangi ya kucha.
Wenyewe wako majumbani wanachambua mchele.
Ndoo zimesimama kwa niaba yao.

Nikamwambia, ndivyo.
Taya lako lilikuwa dogo, mwanangu, chumba kimoja cha kupanga;
meno ya ukubwani yangelala wapi?
Yakatangulizwa haya ishirini
yatafune muhogo, yakufunze kutamka "sisimizi",
na yashike nafasi.
Mwenyewe yuko chini ya ufizi, anakua taratibu.
Anajua zamu yake ipo.

"Na mtu akiiondoa ndoo?"

Hapo nikanyamaza.
Kwa sababu ya kaka yako Hemedi.
Nilikuwa nakaanga vitumbua usiku wa manane,
yeye analia, mwenye nyumba anagonga ukuta,
nikamtia chupa ya chai ya sukari mdomoni, alale nayo.
Alilala. Sukari haikulala.
Majirani wakasema, "Ya nini kuhangaika?
Si ya maziwa hayo? Yataondoka."
Ana miaka mitano tukakaa benchi, hospitali ya Temeke,
shavu limeumuka kama kitumbua.
Akatoka na pamba, na pengo.
Ndoo za jirani zikasogea, unajua zinavyosogea.
Mwenye zamu alipofika akakuta pamebanwa,
akasimama upande.
Ndiyo maana Hemedi hucheka mkono ukiwa mdomoni.

Basi wewe nilikufuta ufizi kwa kitambaa chenye maji
kabla hujaota kitu.
Jino la kwanza, mswaki wa kwanza:
dawa kiasi cha punje ya mchele, sasa kiasi cha njegere.
Nakushika kidevu kila usiku, nuna unavyonuna,
na nitakushika mpaka ujue kufunga kamba za viatu.
Ubuyu sikukatazi. Kula mchana, kisha usukutue.
Ukishapiga mswaki wa usiku ni maji matupu,
hata shangazi aje na soda.

Mtu akapiga kelele: yametoka!
Foleni ikajikunja, mazungumzo yakaishia hapo.

Nyumbani akalirusha juu ya bati:
"Chukueni kuukuu, nileteeni jipya!"
Likabiringika, likageuka, likarudi,
likatumbukia, tii, ndani ya ndoo ya bluu.

Hemedi akacheka.
Kwa kitambo kidogo
aliusahau mkono.