Picha Ishirini

Ukumbi wa Kibokoni. Picha ishirini,
kila moja sekunde ishirini, kisha yaruka yenyewe.
Kofia hii ya vito nimeishona miezi mitano.

"Naitwa Tima Shekue," nasema,
na uzi umeshapita.
Nikisema sindano, nyuma yangu bwana harusi.
Nikimtaja mama, ni bei.
Watu wacheka. Nami nacheka, nifanyeje?

Picha ya kumi na moja, stima ikapotea.
Nikaivua kichwani mwa kakangu,
nikaikabidhi safu ya mbele.
Simu zikamulika. Vidole vikapapasa vitundu,
kimoja kimoja,
mpaka nyuma mlangoni.

Stima iliporudi
kofia ilikuwa na doa la ukwaju wa viazi karai,
nami na picha tisa
zisizo wa kuziulizia.