Zunguka Hapo

Mjukuu wangu Ketaki, aliyeko Pune,
alinitumia pesa ninunue mkeka wa yoga,
ule wa mpira, wa zambarau, unaokunjwa kama chapati.
Nikazipokea. Nikamshukuru.
Nikanunua pangaboi.
Akipiga simu kuuliza mkeka ukoje
namwambia mzuri, una upepo.

Hapa Solapur ninalo blanketi la pamba
alilofuma marehemu Dattatray
kabla kiwanda hakijafungwa na popo kuhamia ndani:
jekundu, lenye tausi wawili
wanaotazamana tangu mwaka tuliooana
na bado hawajaambiana neno.
Sakafu ya mawe huteleza.
Nalowanisha pembe zote nne kwa maji ya birika.
Tausi wananuna, lakini blanketi linashika.

Mkanda wa kuvutia mguu? Kamba ya gaguro.
Tofali la kuwekea mkono?
Vitabu viwili vya hesabu za chama cha wafumaji,
vimejaa madeni ya watu waliokwisha kufa.
Hakuna atakayeyalipa.
Basi nayaegemea.

Saa kumi na moja alfajiri nasimama juu ya tausi.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Mimi mvunguni sina nikitakacho:
sanduku la bati, kandambili moja, paka wa jirani.
Nainama hivyo hivyo.
Goti la kushoto linalia kama bawaba.
Nalisubiri. Nimelea watoto watatu,
najua kilio cha maumivu na kilio cha deko.

Mwalimu wangu ni Indumati wa ghorofa ya juu,
aliyefundisha hisabati hadi akastaafu,
na anayefundisha yoga kwa kupiga kelele dirishani:
"Pumua, Vatsala! Unabana pumzi
kama mtu anayehesabiwa chenji!"
Hanioni. Sijui huwa anajuaje.

Mwisho nasogeza makalio hadi ukutani,
nalala chali, napandisha miguu.
Ukuta ni wa buluu, ulipakwa Diwali iliyopita,
isipokuwa duara moja, ukubwa wa kisahani,
pale Dattatray alipoegemeza kichwa
akisoma gazeti, miaka thelathini na minane,
na chokaa ikanywa mafuta ya nazi ya nywele zake
kidogo kidogo, bila kushiba.
Kijana wa rangi alifika hapo na brashi.
Nikamwambia: zunguka hapo.
Akadhani hakusikia.
Zunguka, nikasema, kama unavyozunguka swichi.

Wakati ule visigino vyangu viliishia
shubiri nzima chini ya duara;
mapaja yalikuwa makavu, hayakunyooka.
Kufika Holi, vidole vinne.
Indumati akiniuliza maendeleo
nampa hesabu hiyo, ya vidole,
wala simwambii napima kutoka wapi.

Leo kisigino cha kulia kimegusa ukingo.
Ni baridi.
Sikutegemea baridi.
Sijui nilitegemea nini.

Sikulia. Ukilala chali machozi hayana njia
ila masikioni,
na masikio nayahitaji: maziwa yako jikoni.
Nimekaa hivyo, miguu juu, damu ikirudi kichwani,
kisigino changu na kichwa chake
vikigombea nafasi ya kisahani.
Angekuwepo angekohoa, angekunja gazeti,
angesema, mama wewe, miguu hiyo.

Kisha mkao wa mwisho, uitwao maiti.
Siku ya kwanza niliucheka jina:
mjane aamke alfajiri kujifunza kulala kama maiti!
Lakini ndio mgumu kuliko yote.
Maiti hawashwi pua.
Maiti haoni buibui kwenye bawa la pangaboi
wala hajiulizi ngazi iliazimwa na nani.
Mgongoni mwangu tausi, mmoja kila bega.
Dirisha la juu limenyamaza.
Sufuria imeanza kunong'ona.

Bado.

Bado kidogo.

Haya, maiti, inuka, maziwa yanafura.