Akiba ya Wete

Diski ilikufa Jumatatu, bila ya kuugua.
Haikukohoa, haikulalama,
ilitoa mlio mmoja, kama ukucha juu ya sahani,
ikanyamaza pamoja na watoto arubaini na mmoja
waliozaliwa Wete baina ya Rajabu na Shaabani.
Kwa kompyuta, hawakuzaliwa.
Mama zao walikuja na kadi za kliniki zilizolowa,
tukawaandika upya, mmoja mmoja;
wanne waliokosa kadi tukawapata
katika kaunta buku la Bikombo, muuguzi wa wodi ya wazazi.
Kila mama aliniuliza kwa macho tu:
ulikuwa wapi weye, fundi?

Nikaambiwa: tafuta programu ya nakala rudufu.
Pesa ni hizi, usizitafute nyengine.
Seva moja, kompyuta za mezani saba,
mojawapo ya chumba cha dawa, feni yake yakoroma kama mzee.

Ya kwanza ililetwa na Ghalib, kijana kutoka Unguja,
shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata.
"Kila kitu kitapanda winguni," akasema.
Bikombo akachungulia dirishani.
"Mawingu ya huku, mwanangu, yakijaa humwaga."
Tukacheka. Lakini usiku nikahesabu:
kwa mtandao wetu huu, nakala ya kwanza
ingefika huko juu baada ya siku kumi na tisa,
umeme ukikubali.
Na leseni hulipwa kila mwaka, kwa kila mashine,
kama kodi ya nyumba uliyoijenga mwenyewe.

Ya pili ilikuwa nzuri, nakiri.
Vitufe vya kijani, duara linalozunguka,
kila alfajiri ikiandika: Imekamilika.
Imekamilika.
Imekamilika.
Wiki mbili nikalala usingizi wa mtu aliyelipa deni.
Siku ya kumi na tano nikajifanya mwizi:
nikafuta faili moja kwa makusudi, mkono ukinitetema
(Mize Faki Shaame, kilo mbili na nukta tisa, alfajiri ya mvua)
nikaiambia programu, haya, nirudishie.
Duara likazunguka. Likazunguka.
Likaniletea faili lenye jina lake, na ndani
hamna kitu. Tupu,
kama dafu lililokwisha nywewa.

Akiba haiozi, wanasema wenye maghala.
Hawajaiona akiba ya umeme.
Hiyo huoza kimyakimya, haina harufu, haina funza,
nawe wapita kila siku ukiisalimia.

Tangu hapo sikuuliza tena programu inaweka vipi.
Kuweka, hata panya anaweka.
Niliuliza inarudisha vipi.

Ya tatu haina picha. Haina hata rangi,
maandishi meupe juu ya weusi, bure kabisa,
kazi ya watu nisiowajua, ambao hawakuniomba hata jina.
Ilinichukua siku tatu kuifahamu, na matusi mawili
ambayo namuomba Mungu anisamehe.
Nikamfuta Mize tena.
Dakika nne. Karudi,
na uzito wake, na mvua yake,
na lile kosa la karani, Shaame kwa "a" moja.
Hata kosa limerudi! Hapo nikaamini.

Sasa saa nane za usiku seva huzipitia zile saba,
na kila Alkhamisi nachomoa diski ya pembeni,
naitia katika kopo tupu la halua,
Bikombo anakwenda nayo kwao Limbani,
mbali na moto wetu, mbali na maji yetu,
kabatini, chini ya kanga ambazo hajazivaa.
Wajukuu wamekwisha kulifungua mara moja.
Walilia.

Juzi nimemkuta wodini, kalamu ya buluu,
anamwandika mtoto wa usiku, taratibu, herufi kubwa.
Bikombo, nikamwambia, programu inafanya kazi.
"Najua," akasema, bila ya kuinua kichwa.
"Na mimi je, sifanyi?"