Achari ya Karoti

Bibi yangu Anfisa hakupata kabichi.
Behewa la ng'ombe lilimshusha nyikani, baridi imeanza,
na chungu kimoja, na mtoto asiye na viatu.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
yeye walimpa siku ile ile.
Akachimba shimo, akaliezeka matete,
akaliita nyumba.

Kiangazi akakuta sokoni karoti za manjano,
karoti tu, za Wauzbeki, vilima kwa vilima.
Akazikata nyembamba kama nyuzi,
siki, pilipili, vitunguu saumu, giligilani,
mafuta ya mbegu za pamba yaliyochemka hadi yakafuka moshi.
Akafumba macho, akala,
na gizani mle ikawa kabichi.

Mimi niko Ansan, Korea, mwaka wa sita,
napanga vipuri vya breki, zamu ya usiku.
Msimamizi mpya huniongelesha haraka haraka
kwa kuwa uso huu anaujua, ni wa shangazi yake.
Kisha nafungua kinywa.
"Kumbe! Wewe mtu wa wapi?"

Tashkenti waliniuliza hivyo hivyo:
mwalimu, kondakta wa tramu,
mama wa Rustam, aliponiona nimekaa kwenye zulia lake.
Kule nilijibu: Mkorea.
Huku najibu: Uzbekistani.
Sarafu ya mchezo mimi,
kila nikirushwa naangukia upande usiotakiwa.

Neno la bibi la kuitia chumvi
nililitamka dukani; kijana akacheka, si kwa ubaya:
"Hilo alikuwa nalo marehemu mama mkubwa wa babu."
Tumelibeba neno miaka themanini, tusilidondoshe,
na wenyewe walikwisha kulizika.
Mwacha asili ni mtumwa, sawa.
Na aliyeachwa na asili?

Kadi yangu ya ukaazi ina jibu, lakini
muda wake unaisha Machi.

Wiki ya kwanza nilinunua kabichi.
Zimejaa hapa, za bei ya kutupa,
zimerundikwa nje ya maduka kama mawe ya ujenzi.
Nikafuata maelekezo ya kwenye pakiti, neno kwa neno.
Nikala macho wazi. Nikafumba.
Nikajikuta natafuta karoti.

Jana Bi. Hwang wa chini aligonga,
mafuta yangu yamemjazia harufu hadi chumbani.
Nikamwekea bakuli mezani, na vijiti.
"Hii si yetu," akasema.
Akaonja tena.
"Si yetu kabisa," na mkono unarudi bakulini,
"umetia nini humu?"

Nikaanza kumtajia,
nikakwama kwenye giligilani. Sijui wanaiitaje.
Nikachukua chache kavu, nikazisaga kiganjani,
nikamnyooshea mkono anuse.