Mizani ya Mayowe

Dada Mghoi, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu
nikiwa chali chini ya gurudumu, spana mkononi,
grisi ikinidondokea shingoni.
Unasema kwenu Dubai, huko Ngome ya Upepo,
kigari kinapanda reli ghorofa thelathini
na kushuka kabla mtu hajamaliza kusema "Mungu wangu".
Unasema watu hulia kwa lugha walizokwisha kuzisahau.
Haya. Hongera.

Sisi huku Sohar tuna Bustani ya Marjani:
uwanja wa changarawe kando ya duka la matairi,
gurudumu la vikapu ishirini na vinne, cha tisa kimefungwa,
na pweza wa chuma wa mikono minane, sita mizima.
Kiingilio riali moja na nusu, mtoto wa mgongoni bure.
Foleni yenu ina kipoza hewa.
Yetu ina Bi Shawana na jiko lake la mishikaki,
na Kiswahili chake cha Unguja kisichozeeka:
"Kapande kwanza, mwanangu. Kula utakula ukirudi na tumbo lako."

Tuongee basi kama mafundi.
Kwenu nani hupanda wa kwanza, kabla ya alfajiri?
Kwetu ni magunia ya mchanga, kilo sabini kila moja.
Nayafunga mkanda, nayakaza kifuani,
nabonyeza kitufe cha kijani, nayatazama yakienda juu kimya.
Nilimuuliza Sadanandan, fundi mkuu, kama gunia huogopa.
Akasema gunia halina mkopo.

Juni nilikuja, unakumbuka.
Ulinishushia chuma mapajani kama hunijui,
kofia imekufunika nyusi, kidole gumba juu,
"Furahia safari," kwa Kiingereza, kwangu mimi,
tuliyelala naye kitanda kimoja kule Wundanyi.
Tak, tak, tak, mnyororo ukatupandisha.
Kisha sijui.
Mimi nilifika chini; tumbo langu lilifuata kwa teksi.
Nakubali: kwa kasi mmetushinda, kwa urefu mmetushinda,
kwa mayowe msiguswe.
Ila nilipogeuka nikuage
ulikwisha kuwahesabu wengine ishirini na wanne.
Sekunde arobaini, Mghoi. Nilizihesabu baadaye, kwenye basi.

Sasa nikupe ya kwetu, uipime.
Usiku mmoja wa Agosti umeme ukakatika,
jenereta ikakohoa, ikafa.
Gurudumu likasimama na watu thelathini na moja hewani.
Hapo tulipata mayowe, hata ninyi mngetuonea wivu.
Nikashika mkono wa chuma, nikazungusha,
kikapu kimoja dakika nne,
jasho likijaa viatuni.
Kikapu cha kumi na saba kilipofika chini
kilikuwa na mtu mmoja, ovaroli ya kiwanda cha alumini,
viatu vya usalama, mfuko wa mikate mapajani.
Nikafungua kijilango. Hakusimama.
"Washushe wenye watoto," akasema. "Mimi nizungushe tena."

Nikawashusha wote. Nikarudi kwake; alikuwa juu kabisa.
Nikapaza sauti: "Zamu yako!"
"Bado."
"Unaona nini huko?"
Akanyamaza mpaka nikadhani amesinzia.
"Miaka minne niko chini ya ule moshi," akasema.
"Leo ndiyo naona unakokwenda."

Sikumuuliza unakwenda wapi.
Nilikaa kwenye changarawe, mkono juu ya chuma,
Bi Shawana akaniletea mshikaki bila kudai,
na umeme uliporudi, saa saba na robo,
sikukibonyeza kile kitufe mara moja.

Njoo Desemba. Cha tisa kitakuwa kimepona.
Na ukija, niletee bolti za milimita kumi na sita, dazeni mbili,
za huku ni bandia, zinakatika kichwa.