Alama Thelathini na Moja

Niliingia bonde la Zarafshoni na fomu ya kurasa kumi na nne,
kuchagua mshirika.

Mjini niliona taasisi yenye mlango wa kioo,
bango la shaba, printa mbili, hesabu zilizokaguliwa,
na mkurugenzi, Bwana Farrukhzod, aliyeujua msamiati wetu wote,
uendelevu, ushirikishwaji, matokeo,
akaupanga mezani kama vikombe vya wageni.
Nilimpa themanini na nane.
Nikamuuliza mfereji unaanzia wapi.
Akamtazama dereva.

Kwa wenye mfereji hapakuwa na bango.
Palikuwa na chumba nyuma ya kinu, jiko la chuma,
daftari la shule lenye picha ya paka,
na Saodat, mgawa maji wa kaya mia moja na sita,
ambaye mumewe anajenga maghorofa Urusi mwaka wa tisa huu.
"Katiba?"
"Ipo. Panya wamekula kifungu cha tatu."
Nikaandika sifuri.
"Akaunti ya benki?"
Sifuri.
"Mmewahi kupoteza fedha?"
Hapo akalamba kidole, akafunua.
Somoni mia nne, mkopo wa arusi ya mpwa wa mweka hazina.
Zimerudi mia tatu na themanini.
Mweka hazina, Kurbonali, alikuwa palepale, ameketi juu ya gunia.
Akavua kofia. "Ishirini ni Ijumaa," akasema.
Fomu yangu haikuwa na kisanduku cha aibu.

Thelathini na moja kwa mia.

Siku ya tatu walinipa koleo.
Theluji ilikuwa imeachia mlimani, tope limeziba mlango wa juu,
saa nane za usiku.
Mtu aligonga sufuria, na jirani akagonga yake,
taa zikaanza kupanda, moja, tatu, kisha sikuweza tena kuzihesabu.
Nilichubuka viganja. Maji yalipita alfajiri, meusi, yakinguruma.
Hakuna aliyesaini mahudhurio,
ila kufikia chai Saodat alijua nani hakuja,
na yupi kati yao apigwe faini,
na yupi apelekewe mkate.

"Sasa zamu yetu," akasema, akachana karatasi katikati ya daftari.
Waliokutangulia waliondoka mwezi gani?
Pampu yao ilipokufa, nani aliizika?
Bosi wako akihamishwa, ahadi yako inabaki na nani?
Ukikosea, utatuambia sisi,
au utawaandikia wao?

Nilijibu mawili.
Kurbonali akaniwekea alama kwa penseli,
mkono wa kushoto umeziba karatasi, kama mtoto kwenye mtihani.

Makao makuu wanataka jina moja kufikia Jumatatu.
Fomu inasema: *Eleza uwezo wa mshirika.*
Nimekaa hotelini, kalamu inauma kwenye malengelenge.
Naweza kuandika jina lake leo hii.
Lakini Saodat alisema watanijibu baada ya kikao,
na kikao ni Alhamisi,
zamu za maji zikishaisha.