Herufi ya Kifuani

Duka langu liko chini ya ngazi, Gyumri,
nyuma ya kambi, kwenye jengo la mawe meusi.
Ukiingia, inama. Hata kanali huinama.

Jana kuruta mmoja, masikio yamechomoza kofiani,
aliniletea gwanda linalonuka ghala bado
na kiganja kimejaa nembo:
Shangazi Shushanik, hizi zote za nini?

Nikamjibu, uzi uko mdomoni:
Tepe moja, utatumwa maji.
Tepe mbili, utamtuma mwenye moja.
Tatu, utalaumiwa maji yakimwagika.
Nyota ni za wale wanaokunywa.
Akacheka mpaka pini zikamwanguka.

Hii ya begani huonekana toka mbali
ili mkono wa mtu upande kwenye paji
kabla kichwa hakijafikiri.
Huyu mbuzi wa milimani, mwenye pembe za kupinda,
ni wa wenzako, mjuane gizani
na mpigane na wenye nembo ya tai siku ya mshahara.

Lakini hii ndogo, juu ya mfuko wa kushoto,
herufi moja na alama ya kujumlisha,
si ya mkubwa wako, wala si ya adui.
Ni ya mtu usiyemjua,
aliyepiga magoti kando yako, viganja vyekundu,
asiye na muda wa kuuliza.
Hii naishona mara mbili.

Kuhusu jina sikumwambia kitu.

Wanasema nguo ya kuazima haisitiri maungo.
Nimeona moja iliyositiri mpaka jina.
Ghevond alikuwa na homa, zamu ya usiku, theluji magotini,
Smbat akavua koti lake akamvika.
Walikua mtaa mmoja, mlango ukitazama mlango,
mambo ya koti hayakuwa na hesabu kati yao.

Alfajiri koti likashushwa mlimani kwenye machela.
Likasomwa.
Smbat naye alilala hospitali nyingine, mji mwingine,
hana koti, hana jina, hana sauti.

Siku tatu mama yake Smbat alipokea watu.
Mama yake Ghevond ndiye aliyemshika mkono,
akampikia, akamfunika miguu,
na moyoni, kwa siri, akimshukuru Mungu.
Siku ya nne simu ililia.
Viti vya msiba vikavushwa barabara
kabla havijapoa.

Na ile herufi?
Daktari aliisoma, akaiamini,
akamtundikia Ghevond damu ya Smbat.
Pengine angekufa vilevile. Jeraha lilikuwa baya,
wameniambia hivyo mara nyingi, watu wema.
Mimi najua tu kwamba haikufifia
wala haikulegea uzi hata mmoja.
Niliishona mimi.

Masika yale mama yake Ghevond aliinama mlangoni pangu,
koti limefuliwa, limekunjwa kama kitambaa cha meza.
Toa hilo, akasema. Weka lake.
Nikafumua. Chini ya jina kitambaa kilikuwa kibichi,
kijani cha siku ya kwanza,
jua halijapita hapo.
Jina la Smbat lina herufi tano, hili lina sita.
Nikazibana. Zikaingia.
Nilipofika kwenye herufi ya damu
aliweka kidole juu yake, akakiacha hapo muda mrefu,
kisha akasema, Hiyo iache.
Sikujua alijua nini.
Sikuuliza.

Haya, vaa, nikamwambia kuruta.
Akajitazama kiooni, akajipigia saluti,
akaona haya, akatoa pochi.
Tepe moja, akahesabu. Mbuzi. Jina.
Akarudia kuhesabu, mtoto mwaminifu, mama yake kamlea:
Shangazi, umesahau kunidai moja,
hii ndogo ya kifuani.

Sijasahau, nikasema.
Inama unapotoka.